Mutoto wa Amerika anataka bunduki ya 22: anunue gani?

Mu kambi na mu cité zetu, jamaa nyingi leo ziko na mutoto ao ndugu kule Amerika. Wanatumika mu viwanda vya nyama, mu madepo makubwa, mu mahospitali. Siku ya posho wenzao wa kazi wanawaita: twende tupige shabaha. Wanatundika karatasi yenye miviringo, ao wanapanga mikebe tupu ya bia, wanapiga, wanacheka, wanarudi nyumbani. Kule ni muchezo, sawa vile huku watu wanaenda kuangalia mupira. Halafu mutoto anapigia baba yake simu: « Baba, na miye nataka kununua yangu. Ile ya 22, yenye kujijaza yenyewe. » Baba, mwenye alitumika miaka mingi chini ya udongo, anashituka: bunduki? Ya nini?

Tunaandika kwa ajili ya baba ule, na kwa mutoto pia kama atasoma. Shauri la kuchagua si la chuma tu. Chuma ni upande mwepesi.

Ile bunduki, yenye kuitwa kwa Kifaransa carabine 22, lisasi lake ni dogo sana: unene karibu milimeta 5,6, uzito karibu gramu 2,6. Dawa ya kuwasha baruti haiko katikati ya tako la ganda kama kwa masasi makubwa. Iko ndani ya ukingo wake, kuzunguka. Mufaransa Flobert njo alitengeneza babu wa masasi haya mwaka 1845, kwa watu wenye kupenda kucheza shabaha ndani ya nyumba. Lile la leo, 22 Long Rifle, lilitokea Amerika mwaka 1887. Sauti yake si kali sana, halipigi bega, na bei yake iko chini kuliko karibu masasi yote mengine. Ndiyo maana watu wengi wa kule wanajifunza nalo.

Kujijaza yenyewe ni hivi: unakokota gasheti mara moja, lisasi moja linatoka. Nguvu ya baruti inasukuma nyuma chuma kizito chenye kufunga mututu, ganda tupu linarushwa inje, resori inarudisha kile chuma, nacho kinapita na lisasi jipya na kulitia mahali pake. Unapepesa jicho, iko tayari tena. Haimimini masasi kama ya waaskari, kila lisasi linaomba kidole. Lakini kumbuka neno hilo « iko tayari tena », tutalirudilia.

Wazee wetu wanajua jina FN. Kule Herstal, karibu na Liège, ile fabriki ilianza mwaka 1914 kutengeneza carabine 22 yenye kujijaza, kazi ya Mwamerika John Browning. Masasi yanalala ndani ya kitako, ganda tupu linaangukia chini pasipo kuruka usoni mwa jirani, na bunduki inakatwa vipande viwili kwa mikono mitupu. Browning mwenyewe alikufa pale Herstal mwaka 1926. Ni kitu kizuri kweli, lakini kwa mutu mwenye kulipwa kwa saa, bei yake ni kali.

Wengi kule wanashindana juu ya mbili nyingine. Marlin 60 ilianza mwaka 1960, na zaidi ya milioni 11 zilitengenezwa. Masasi yake yanapangwa mu bomba refu chini ya mututu. Inapiga vizuri, hatukatai. Leo nyingi zinauzwa zimekwisha kutumika, juu Ruger ilinunua Marlin mwaka 2020. Ruger yenyewe iko na 10/22, tangu mwaka 1964: masasi 10 mu kisanduku kidogo chenye kuzunguka ndani, chenye kuingia na kutoka chini ya bunduki, na uzito wote karibu kilo 2 na nusu. Vipande vyake vinapatikana kila pahali.

Kwa mwanzo, sisi tungechukua ile yenye kisanduku. Si juu ya kupiga vizuri zaidi. Bomba la Marlin, ili kulimaliza, sherti kuvuta kijiti cha ndani, kuinamisha bunduki, na kuhesabu masasi yenye kuanguka. Mutu mwenye kuchoka anaweza kuacha moja ndani. Kisanduku unakishika mu mukono, unaona. Na kwa juma za kwanza mutoto atie lisasi moja tu kila mara. Wale wa michezo ya Olimpiki, kwa carabine ya meta 50, wanatia moja moja, na duara lao la katikati liko milimeta 10,4 tu. Kupiga mbio hakufundishi kulenga.

Mu duka asiangalie rangi ya mbao. Aitie kwenye bega macho yamefungwa, halafu afungue: alama za kulengea ziko mbele ya jicho, ao anapinda shingo? Kama anapinda, kitako si chake. Darubini atanunua nyuma. Anunue maboiti matatu ao mane ya masasi ya namna mbalimbali, ajaribu kwa meta 25, kitako kikiwa juu ya mufuko wa muchanga. Bunduki mbili za namna moja zinaweza kupenda masasi mbalimbali. Na masasi dhaifu kabisa hayana nguvu ya kusukuma kile chuma mupaka mwisho; bunduki inakwama, mutu anasema imeharibika, kumbe ni chakula chake.

Sasa turudilie lile neno. Kila boutefeu anayesoma hapa atatuelewa mbio kuliko mutoto mwenyewe. Mutu anafungua chuma cha nyuma kwanza, lisasi linatoka, anafurahi, halafu anatoa kisanduku. Amekosa! Chuma kiliporudi kilijaza lingine. Kwanza kisanduku, kisha kufungua, kisha kuangalia mu mututu kwa jicho na kwa kidole. Kila mara, hata kama mwenzako amekwisha kuangalia mbele yako. Na kama lisasi limekataa kulipuka, ni raté: mutoto wa muchimbaji asikimbilie kufungua. Mutomo wa bunduki ubaki kwenye shabaha, ahesabu sekunde 30, kisha afungue. Huku kwa dinamiti tunangoja zaidi, lakini akili ni ile ile. Sauti ikiwa ndogo kama pufu, asimame kabisa: pengine lisasi limebaki ndani ya mututu, na lile lenye kufuata litaupasua.

Lile lisasi dogo linaweza kuruka zaidi ya kilometa moja na nusu. Mikebe juu ya jiwe, nyuma kukiwa na miti tu, si pahali pa kupiga. Nyuma ya shabaha sherti kuwe mulima wa udongo, kama remblai. Maji na mawe yanarudisha masasi.

Na sheria, pale njo tunaogopea watoto wetu zaidi. Kununua carabine kwa muuzaji mwenye leta, sheria ya Amerika yote inaomba miaka 18, karatasi ya kujaza, na kuchunguzwa jina. Majimbo mengine yanapandisha miaka. Illinois inaomba kwanza kadi ya pekee. Mwenye alipokelewa kama mukimbizi, ao mwenye makaratasi ya kukaa daima, anaweza kununua. Mwenye visa ya masomo ao ya kutembea, kwa kawaida hapana, hata kuishika kwenye pahali pa kupigia ni kosa, isipokuwa akiwa na ruhusa maalumu kama leta ya kuwinda. Rafiki akisema « ninunulie, feza ni hizi », akatae. Kudanganya kwenye ile karatasi ni kosa la gereza, na kosa la bunduki linaweza kumurudisha mutu kwao, hata kama alikaa kule miaka 10. Baba, swali la kwanza kwenye simu lisiwe « bei gani? » Liwe « makaratasi yako yanasema nini? »

Huku kwetu, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inaomba ruhusa ya serikali kwa kila silaha. Asifikiri kuileta mu valize.

Swali la pili: mu nyumba kuna watoto? Kama wako, sanduku la chuma lenye kufuli linanunuliwa siku moja na bunduki, na masasi yanakaa pengine na kufuli yake. Juu ya kabati hakufai. Mutoto wa miaka mine anapanda kabati. Kama feza haitoshi kwa vyote viwili, angoje mwezi mwingine, ao aendelee kukodi bunduki kwenye pahali pa kupigia. Pengi kule wanakodisha.

Jambo la mwisho, lenye watu wa Kipushi wanajua bila kuambiwa. Kwa Kiswahili tunaita risasi kile chenye kuua, na pia ile madini. Ni kitu kimoja: lisasi la 22 ni risasi, na moshi wake uko na risasi ndani. Asile mukate pale anapiga. Anawe mikono na uso na sabuni, avue shati mbele ya kubeba mutoto, na lile shati lisifuliwe pamoja na nguo za mutoto.