Beringi Zilizozama Katika Shingo ya Baiskeli



Katika mkutano wetu uliopita wanachama watatu waliuliza jambo moja: kwa nini hizi baiskeli za gia zenye matairi mapana, zilizotengenezwa kwa ajili ya milima, zikianza kugonga penye usukani huwa hazitengenezeki kama baiskeli za wazee wetu? Swali hili si la mchezo. Wengi wetu twateremsha karafuu kwa baiskeli. Gunia likiwa nyuma na mteremko mbele, usukani uliolegea ni khatari kwa mpandaji na khasara kwa mwenye mali.

Kwanza tufahamu shingo yenyewe. Shingo ni lile bomba fupi la mbele la fremu. Ndani yake hupita mti wa uma ushikao gurudumu la mbele, na juu ya mti huo hufungwa usukani. Ili uma ugeuke kwa wepesi, hutiwa beringi mbili, moja juu na moja chini.

Katika baiskeli za zamani, kila mwisho wa shingo hupigwa kikombe cha chuma, na gololi huzunguka ndani yake. Kikombe kikiliwa, fundi hukigonga kikatoka, akatia kingine. Fremu haiguswi. Mwenye kubeba taabu ni kikombe, na kikombe ni kitu cha bei ndogo.

Mnamo mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuviacha vikombe. Walichonga kiota katika fremu yenyewe, chenye ukingo wa mshazari wa nyuzi 45, na beringi nzima ikawekwa humo kwa vidole tu. Wao walipata faida: baiskeli ikapendeza kwa shingo laini, vipande vikapungua, na kazi ya kiwandani ikawa nyepesi. Lakini sisi watumiaji yatupasa tujue jambo moja: hapa fremu ndiyo kikombe. Kiota kikiliwa, hakuna cha kugongwa kikatoka.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Baiskeli yangu ilianza kugonga kila niliposhika breki ya mbele. Fundi mmoja akakaza bolti ya juu kwa nguvu zake zote, na mgongo haukwisha. Kisha akakata ukanda wa mkebe akauzungushia beringi. Nikapanda hivyo msimu mzima. Chuma cha beringi ni kigumu, na fremu yangu ni ya aluminiamu, iliyo laini zaidi. Msimu ulipokwisha kiota kilikuwa kimepanuka upande mmoja, na fremu ikawa haifai tena.

Basi, ndugu wanachama, fanyeni hivi. Shika breki ya mbele kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike pale uma unapokutana na shingo. Sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mgongo chini ya vidole vyako, beringi imelegea. Usipande tena kabla ya kuikaza. Kisha inua gurudumu la mbele: usukani uanguke wenyewe kulia na kushoto. Ukikwama katikati, beringi imekufa na yataka kubadilishwa.

Kukaza kuna utaratibu wake. Kwanza legeza zile bolti za ubavuni zinazobana usukani kwenye mti wa uma. Ndipo ukaze bolti ya juu kidogo kidogo, mpaka mgongo uishe na usukani ungali mwepesi. Kisha linganisha usukani na gurudumu, ukaze bolti za ubavuni barabara. Bolti ya juu kazi yake ni kuvuta tu. Bolti za ubavuni ndizo zinazoshika. Fundi wangu alikaza ya juu bila ya kulegeza za ubavuni, kwa hiyo hakukaza kitu.

Ukienda kununua beringi, ichukue ile kuukuu mkononi. Ziko za upana wa milimita 41 na ziko za milimita 41.8, na kwa macho zafanana. Soma maandishi ubavuni mwake: nyingine zimeandikwa 36 kwa 45, nyingine 45 kwa 45, hizo ni nyuzi za mshazari wa ndani na wa nje. Upana na nyuzi vyote vilingane. Ndogo ikitiwa katika kiota kikubwa itacheza, nayo itakila kiota.

Na anayetaka kununua baiskeli iliyotumika aitazame shingo. Akiona pete mbili zimetokeza, juu na chini, hivyo ni vikombe vya nje, na vyabadilishwa. Asipoziona, aombe ifunguliwe. Akikuta kikombe chembamba kati ya beringi na fremu, si vibaya, hicho pia chabadilishwa. Akikuta beringi imekalia fremu yenyewe, akipapase kiota kwa kidole. Kikiwa na mikwaruzo au kimepanuka, aiache.

Mwisho, futeni shingo na kuitia grisi kila kabla ya msimu, kwani hewa yetu ya chumvi haisamehi chuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika baiskeli hizi, ukuta ni fremu nzima.

Wassalaam,
Katibu