Jaribio Moja Halitoshi

Ndugu mfanyakazi, mtoto akishikwa na malaria kali usiku hapa Kasha, jirani mmoja atasema kinini ndiyo iliyomponya wa kwake. Mwingine atataja dawa nyingine. Kila mmoja anasema kweli ya nyumba yake. Lakini dawa ya kuponya wengi inajulikana namna gani?

Sisi watu wa mgodi tunajua kwamba jiwe moja halionyeshi mwamba mzima. Mpimaji huchukua mawe mahali pengi, hata yale yasiyong'aa. Wachunguzi wa afya nao hufanya hivi:

1. Huuliza swali moja wazi: wagonjwa gani, dawa gani, ikilinganishwa na ipi?

2. Huandika mpango kabla ya kuanza, ili mtu asigeuze sheria akiona matokeo yasiyompendeza.

3. Hutafuta tafiti zote za swali hilo, katika kila lugha, hata zisizochapishwa. Dawa ikishindwa, mara nyingi habari zake hubaki kabatini.

4. Watu wawili hukagua kila utafiti, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Huangalia kama wagonjwa waligawanywa kwa kura, bila upendeleo.

5. Hujumlisha hesabu, na kusema wazi uhakika ni wa kiasi gani.

Daktari Archie Cochrane wa Uingereza, aliyechunguza mapafu ya wachimba makaa wa Wales walioumizwa na vumbi, aliwalaumu waganga mwaka 1979 kwa kutokusanya majaribio yao hivyo. Mwaka 1993 shirika lenye jina lake lilianzishwa kwa kazi hiyo.

Faida yake tumeiona. Mwaka 2010 lilitangazwa jaribio la watoto wa nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Kati ya watoto 2.713 waliopewa kinini, 297 walikufa. Kati ya 2.712 waliopewa artesunati, 230. Shirika la Cochrane lilijumlisha majaribio 8, na artesunati ikaonekana kuokoa watu wengi zaidi, wakubwa kwa watoto. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaishauri kwa watoto badala ya kinini.

Basi ukiambiwa «dawa hii imethibitishwa», uliza: kwa majaribio mangapi, na nani aliyeyakusanya yote? Na mtoto akipata degedege, akizimia au akishindwa kunyonya, usingoje shauri la jirani. Mpeleke kwa muganga mara moja.