Jinsi Ofisa Kijana Afundishwavyo Kupigana Mjini

Watu wengi wakisikia habari za vita hufikiri juu ya uwanja mpana, mahandaki, na majeshi mawili yanayotazamana kwa mbali. Lakini mapigano mengi makali ya miaka hii yametokea mijini, katika barabara na vichochoro, nyumba kwa nyumba na chumba kwa chumba. Kwa sababu hiyo majeshi mengi huwafundisha maofisa wapya wa askari wa miguu kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Maelezo yafuatayo yahusu Jeshi la Uingereza, na yaonyesha ni nini hasa ofisa kijana hutakiwa kujifunza kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu.

Kijana atakaye kuwa ofisa huanza katika chuo cha Sandhurst, ambako hukaa kwa muda wa wiki 44 hivi. Vijana kutoka nchi nyingine nao husomea huko, na miongoni mwao wamekuwapo wa kutoka Kenya. Akihitimu hupewa cheo cha luteni wa pili, na ikiwa amechaguliwa kuingia katika askari wa miguu, hupelekwa Brecon, katika nchi ya milima ya Wales, akajifunze kuongoza platuni. Platuni ina watu wapatao 30. Imegawanywa katika seksheni tatu, kila moja chini ya koplo, na sajini wa platuni ndiye msaidizi mkuu wa ofisa. Aghalabu sajini huyo amekwisha kutumika jeshini miaka mingi, hali luteni bado ni kijana.

UGUMU WA MJI

Mahali palipo wazi ofisa aweza kusimama juu ya kilima akawaona askari wake wote, na wao wakamwona. Mjini haiwezekani. Seksheni moja ikiingia katika nyumba ya kushoto, na ya pili ikipanda ghorofa ya nyumba ya kulia, ofisa aliye barabarani hamwoni hata mtu mmoja. Simu ya upepo, ambayo husikika vizuri uwandani, mara nyingi hufifia au kukatika ndani ya kuta nene za saruji. Mlio wa bunduki hurudi kwa mwangwi kutoka kila ukuta, hata haijulikani umetoka upande gani. Adui aweza kuwa darini, au chini ya sakafu, au nyuma ya dirisha moja kati ya madirisha mia.

Tena kuna jambo zito kuliko hayo. Risasi yaweza kupenya ukuta mwembamba na kumpiga mtu aliye katika chumba cha pili. Pengine mtu huyo ni askari wa platuni ile ile. Pengine ni mama na watoto wake waliokosa njia ya kukimbia.

VIJIJI VYA MAFUNZO

Mafunzo ya namna hii hayawezi kufanywa darasani tu. Katika uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Copehill Down. Kilijengwa na jeshi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mfano wa kijiji cha Ujerumani, maana wakati huo ilidhaniwa kwamba vita vikubwa vikizuka vitapiganwa huko. Zimo nyumba za ghorofa, ngazi, madari na vichochoro, lakini hapana mtu aliyepata kuishi humo. Baadaye makontena ya chuma yalipangwa karibu yake ili kuwa mfano wa mitaa yenye nyumba zilizosongamana.

Katika uwanda huo huo kuna Imber, ambacho kilikuwa kijiji cha kweli. Wenyeji wake waliondolewa mwezi wa Desemba 1943 ili askari wa Marekani wapate mahali pa kujizoeza kabla ya kuvuka kwenda kupigana Ulaya. Wenyeji walitumaini kurudi vita vikiisha, lakini hawakurudishwa, na jeshi limeendelea kupatumia. Kanisa lao lingali limesimama hata leo.

HATUA ZA KAZI

Ofisa hufundishwa kwamba kushambulia mji kuna hatua zake. Kwanza, mahali pale huzingirwa ili adui asipate msaada wala njia ya kutorokea. Pili, hutafutwa nyumba ya kwanza ya kuingilia, na hiyo ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, kwa maana askari huvuka mahali peupe. Tatu, nyumba hupekuliwa moja moja, chumba baada ya chumba. Nne, kilichokwisha kushikwa hulindwa, adui asije akarudi kwa mlango wa nyuma.

Barabara yenyewe huepukwa, kwa kuwa ndipo adui alipoelekeza bunduki zake. Mji wa Ortona, Italia, ulitoa fundisho kubwa. Mwezi wa Desemba 1943 askari wa Kanada walipigana humo na askari wa miavuli wa Ujerumani. Wakanada walipoona barabara zimefungwa kwa vifusi na bunduki za rashasha, walitoboa kwa baruti kuta zilizounganisha nyumba, wakaenda kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kutokea nje. Lakini Wajerumani nao walitega baruti. Nyumba moja ililipuliwa pamoja na platuni ya Wakanada iliyokuwa ndani, na mmoja wao alichimbuliwa akiwa hai baada ya siku tatu. Miaka mingi baadaye, katika mapigano ya Mogadishu ya 2010 na 2011, askari wa Uganda na Burundi waliotumwa na Umoja wa Afrika walitumia njia hiyo hiyo ya kutoboa kuta.

KOSA LA KAWAIDA

Katika mazoezi hutumiwa risasi zitoazo mlio tu, na vyombo vya mwanga vionyeshavyo nani amepigwa. Watu wengine huvaa nguo za raia na kujifanya wenyeji. Hapo ndipo kosa la kawaida la ofisa mpya huonekana. Kwa kuwa ni shujaa, na hapendi kuwatuma watu mahali asipokwenda mwenyewe, huingia mlangoni pamoja na seksheni ya kwanza. Mara hujikuta amefungiwa katika chumba kimoja, hajui seksheni ya pili iko wapi, wala seksheni ya tatu haijui la kufanya. Amekuwa askari mmoja zaidi, na platuni haina mkuu.

Basi hufundishwa kutoa amri kamili kabla ya kuanza. Hutengeneza mfano wa kijiji juu ya ardhi, na kila nyumba hupewa namba, na kila upande wa nyumba hupewa jina lake, ili wote waseme lugha moja. Koplo huelezwa la kufanya, na pia sababu yake, kusudi mawasiliano yakikatika aendelee kwa akili yake mwenyewe. Ofisa hukaa mahali awezapo kupata habari, akiwa na watu wachache wa akiba.

Hufundishwa hesabu pia. Kumshusha majeruhi mmoja kwa machela katika ngazi nyembamba kwaweza kuhitaji watu wanne. Seksheni ina watu wanane. Kwa hiyo majeruhi mmoja aweza kuondoa zaidi ya nusu ya seksheni katika mapigano. Wala seksheni haiwezi kupekua vyumba vingi mfululizo. Watu huchoka upesi, na risasi na mabomu ya mkono huisha. Ofisa asiyebadilisha seksheni zake kwa zamu atajikuta katikati ya barabara na watu wasio na nguvu wala risasi.

WATU WASIOPIGANA

Sheria za vita, yaani Mikataba ya Geneva ya 1949 pamoja na nyongeza zake za 1977, zaamuru kwamba wanaopigana watengwe na raia, na kwamba raia wasishambuliwe. Ni rahisi kuyasema hayo darasani. Mlangoni, katika giza na moshi, askari ana muda mfupi mno wa kuamua kama mtu aliye mbele yake ameshika bunduki au ameshika mtoto. Ndiyo sababu zoezi hurudiwa mara nyingi, mchana na usiku, hata mikono ifanye kazi yake bila kuhangaika, na macho na akili vibaki huru kutambua.

Zoezi likiisha, mwalimu humwuliza ofisa maswali ambayo hayahusu idadi ya nyumba alizoshika tu. Humwuliza seksheni zake zilikuwa wapi wakati fulani, majeruhi wake walipitishwa njia gani, na raia waliokuwa katika nyumba zile walipelekwa wapi. Asiyeweza kujibu hurudishwa kwenye mfano wa kijiji ardhini, akaanze tena kutoa amri zake.