Bumba la Nyuki Likitua Oxford

Mei ikiingia, simu yangu hapa Oxford haipoi. Huyu kaona nyuki kwenye mtufaha, yule wamemgandia baiskeli. Wote wanauliza kama watadungwa. Nami nawajibu: msiwaguse, msiwapulizie dawa, nakuja.

Bumba la nyuki si jeshi, ni familia inayohama. Mzinga ukijaa, nyuki wafanyakazi huanza kulea malkia wapya. Seli ya kwanza ya malkia ikishazibwa kwa nta, na jua likiwaka, malkia mkongwe huondoka na zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Nyumba na akiba humwachia binti. Kabla ya safari hushiba asali, na kwa kuwa hawana tena watoto wala chakula cha kulinda, hawana haraka ya kuuma. Hutua tawini huku wapelelezi wakitafuta tundu la kuhamia. Mpelelezi akirudi hucheza juu ya wenzake: mwelekeo wa mchezo hutaja upande, muda wake hutaja umbali. Wakiafikiana, huruka wote.

Mimi huwahi kabla hawajaafikiana. Natandika shuka, nashika kapu lililosukwa kwa majani makavu chini ya tawi, kisha natikisa tawi kwa nguvu. Kapu nalifudikiza juu ya shuka, ukingo mmoja ukiegemea jiwe, halafu nachuchumaa kutazama. Wakiinua mikia na kupepea mabawa ili kuwaita wenzao kwa harufu, malkia yumo. Wakirudi tawini, kabaki juu. Jioni nawafunga, nawapeleka mzingani.

Zamani kapu kama hilo ndilo lilikuwa mzinga, na mara nyingi asali ilivunwa kwa kuwaua nyuki kwa moshi wa salfa. Ndiyo maana mwandishi John Evelyn, alipotembelea Chuo cha Wadham hapa Oxford mwaka 1654, alivutiwa na mizinga ya vioo ya mkuu wa chuo, John Wilkins: ilipangwa ghorofa juu ya ghorofa, asali ikatolewa na nyuki wakabaki hai.

Kwetu Sikonge, Tanzania, tunatundika mzinga mtupu na kungoja bumba lije lenyewe. Nyuki wetu ni wakali. Kutikisa tawi ovyo simshauri mtu. Lakini wakitua kwenye mwembe wako, weka mbali petroli na kiberiti. Mwite mfugaji: yeye atapata nyuki bila kununua, nawe utabaki na mwembe.