Mmweko, Mlipuko na Nyota za Jozi

Katika tafsiri za maandishi ya falaki, neno "mlipuko" hutumiwa mara kwa mara kwa kila ongezeko la ghafla la mwanga wa nyota. Matumizi hayo yanapotosha. Mwanafunzi asomaye kwamba nyota imelipuka hudhani imekwisha.

Tuchukue mfano wa LS I +61 303, katika kundi la Kasiopea. Hizo ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa siku 26.5. Moja ni kubwa yenye joto kali. Ya pili ni mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kufa, ambayo mapigo yake ya redio yalitangazwa mwaka 2022 baada ya kunaswa na darubini ya FAST nchini China. Inadhaniwa kwamba pepo za chembechembe zitokazo kwenye nyota hizo hugongana, na hapo ndipo huzaliwa miali ya gama isiyoonekana kwa macho. Aidha, vipimo vya mwanga wa kawaida vimeonyesha maongezeko madogo ya asilimia chache, yadumuyo kama siku moja kisha yakatoweka. Hakuna kilichopasuka.

Usiku wa giza, akaaye ufukoni Ujiji huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mvuvi akipiga pampu karabai yake, mwanga huongezeka. Atakayesema kwamba karabai imelipuka atawakimbiza watu kwenda kuokoa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Mmweko: mwangaza wa ghafla upitao, kutokana na kitenzi "mweka". Ukiwa mdogo, ni kimweko, wingi, vimweko.

Mlipuko: neno hili libakie kwa nyota inayopasuka na kuharibika.

Nyota za jozi: tunalipendelea kuliko "nyota pacha", kwani pacha humfanya msomaji atarajie mfanano. Mitumbwi miwili inayofungwa pamoja kuvulia wavu mmoja huko Kigoma ni jozi, hata kama haikuchongwa pamoja wala hailingani.

Jozi zitoazo miali ya gama zinazojulikana ni chache, zipatazo kumi hivi, na wataalamu wanaviangalia vimweko kama dalili ya kuzitafutia nyingine. Mfasiri akiviita milipuko, atakuwa ameifuta dalili yenyewe.