Sumaku Iliyogeuzwa: Gitaa la Peter Green na Warithi Wake

Gitaa mojawapo linalosifiwa sana katika historia ya blues ya Uingereza lina kasoro. Ni Les Paul la mwaka 1959, lililotengenezwa na kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, Michigan, nalo lilipigwa na Peter Green, mwasisi wa bendi ya Fleetwood Mac. Swichi yake ikiwekwa katikati ili pikapu zote mbili, yaani vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi, zifanye kazi pamoja, sauti hainenepi kama ilivyo kwa Les Paul nyingine. Besi inapungua, sauti inakonda na kutokea puani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Green alimwachia mpiga gitaa Gary Moore gitaa hilo, na mwaka 2014 likanunuliwa na Kirk Hammett wa bendi ya Metallica. Mwaka 2023 Gibson ikaanza kuuza matoleo mapya yake kwa jina lake la utani, Greeny, kasoro ikiwa humo humo.

Magitaa yenye jina la mpigaji na matoleo mapya ya ala za kale yana soko kubwa. Les Paul lenyewe, tangu lilipotoka mwaka 1952, limebeba jina la mpigaji aliyekuwa nyota wa redio na televisheni Marekani wakati huo. Fender walimpa Eric Clapton gitaa lenye jina lake mwaka 1988. Leo kampuni hizi zinarudia kutengeneza ala zao za kale, pengine kwa kuiga kila mkwaruzo, na wapiga gitaa wanabishana kama toleo jipya limeipata roho ya lile la zamani. Mimi naona ubishi huo una majibu zaidi ya wanavyodhani wanaobishana, na gitaa la Green linatuonyesha pa kuanzia.

Pikapu ni sumaku iliyozungukwa na koili ya waya wa shaba. Nyuzi za gitaa la umeme zina chuma, kwa hiyo sumaku iliyo chini yake inazifanya nazo ziwe na usumaku. Uzi unapotikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unabadilika, na mabadiliko hayo yanazalisha umeme mdogo kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Spika haipokei kitu kingine kutoka kwenye gitaa: wala rangi, wala umri, wala jina lililoandikwa kichwani.

Shida ya koili moja ni kwamba inanasa pia mvumo wa umeme wa ukutani, hezi 60 kule Marekani na 50 huku kwetu. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliomba hataza ya dawa yake: koili mbili kando kwa kando, sumaku moja chini yake, ncha ya kaskazini ikielekea koili hii na ya kusini ile, na koili zimeunganishwa kinyume. Mvumo unaoingia koili zote mbili unajifuta, lakini ishara ya uzi inajumlishwa. Pikapu hizo zilibandikwa kikaratasi chenye maneno ya Kiingereza kwamba hataza imeombwa, na kwa herufi za kwanza za maneno hayo wapiga gitaa wanaziita PAF mpaka leo.

Sasa turudi kwa Green. Katika gitaa lake, sumaku ya pikapu ya upande wa shingo imekaa kinyume. Pikapu hiyo ikipigwa peke yake hakuna atakayegundua, maana koili zake mbili bado zinasaidiana na mvumo bado unafutika. Ila zikiwashwa zote mbili, umeme wa moja unapanda wakati wa mwenzake unashuka. Katika masafa ya chini uzi unatikisika karibu sawasawa juu ya pikapu zote, kwa hiyo ishara hizo zinafutana. Katika masafa ya juu uzi unajigawa vipande vipande, kimoja kikienda juu na jirani yake chini, hivyo kila pikapu inaona kitu chake na hapafutiki sana. Kinachobaki ni ile sauti nyembamba. Ukipunguza kidogo sauti ya pikapu moja, mfuto unapungua na besi inarudi taratibu, na hivyo mpigaji anapata rangi nyingi za sauti kwa kuzungusha kitufe kimoja.

Jambo hili linanifurahisha kila ninapolifikiria. Sifa iliyolipa gitaa hili umaarufu inaweza kupatikana katika Les Paul lolote lenye pikapu mbili za namna hii, kwa vifaa vichache na subira: fungua pikapu, geuza sumaku, funga. Kwa sifa hiyo moja, toleo jipya halihitaji miujiza yoyote kufanana na la kale.

Kwa sifa nyingine mambo ni magumu zaidi, na sababu inashangaza: hakuna sauti moja ya mwaka 1959. Pikapu za PAF zilizungushwa waya wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mizunguko takriban 5,000 kwa koili, bila mashine kuhesabu kwa makini. Nyingine zilipata mizunguko mingi zaidi, nyingine michache. Sumaku zake za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, zilikuwa za madaraja tofauti kwa kadiri kiwanda kilivyopata. Vipingamizi vinavyodhibiti sauti navyo vilitofautiana. Magitaa mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja yangeweza kusikika tofauti. Kwa hiyo anayesema toleo jipya halina sauti ya 1959 aulizwe kwanza: ya gitaa lipi?

Kuna kitu kingine ambacho wengi wanakisahau, nacho ni waya unaounganisha gitaa na amplifaya. Koili ya pikapu na uwezo wa waya huo kuhifadhi chaji huunda kilele katika mwitikio wa sauti. Chukua koili yenye induktansi ya henri 4.4. Ukitumia waya wa mita 6, kwa kiwango cha kawaida cha pikofaradi 100 kila mita, kilele kinaangukia karibu na hezi 3,100. Ukitumia wa mita 3, kinapanda hadi karibu 4,400. Huo ni ukanda ambao sikio la binadamu linahisi kwa ukali kuliko mwingine wote. Mtu anayelinganisha gitaa la kale nyumbani kwa rafiki na jipya dukani, kila moja na waya wake na amplifaya yake, amelinganisha nyaya na amplifaya.

Je, mbao hazina kazi? Zina kazi, lakini si ile inayosimuliwa. Miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani, Fleischer na Zwicker, walipima mitikisiko ya magitaa ya umeme na kuonyesha kwamba shingo ikiwa tayari kutikisika kwa masafa ya noti fulani, inanyonya nguvu ya uzi na noti hiyo inakufa mapema. Wapigaji wanazijua sehemu hizo mfu kwa vidole vyao. Shingo mbili za umbo moja zinaweza kutofautiana hapo. Lakini hilo halithibitishi kwamba mti adimu unashinda mti wa kawaida. Les Paul za 1959 zilikuwa na ubao wa vidole wa Dalbergia nigra ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali na mkataba wa CITES tangu 1992. Ni wa jenasi moja na mpingo wetu wa Kilwa, unaochongwa klarineti duniani kote. Kuulilia mti huo kwa ajili ya sauti, wakati misitu yake imepungua sana, naona ni kosa.

Jaribio lililo bora kuhusu hukumu za wapigaji lilifanywa kwa fidla. Mwaka 2010 huko Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji 21 fidla sita, tatu mpya na tatu za kale, zikiwamo mbili za fundi maarufu wa kale, Stradivari. Wapigaji walivaa miwani ya giza katika chumba chenye mwanga hafifu, na fidla zilitiwa manukato ili harufu ya ukale isiwasaidie. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari, na wengi hawakuweza kusema kama ile waliyoichagua ni ya kale au mpya.

Wapo wanaotumia jaribio hilo kuwadhihaki wapigaji. Hawakulielewa. Wapigaji wale walikuwa na mapendeleo ya kweli, ila hayakufuata umri wala bei. Hata mkono una elimu yake: unene wa shingo, uzito begani, ukingo wa freti uliolainika, yote yanabadilisha jinsi mtu anavyopiga, na hivyo yanabadilisha muziki wenyewe. Anayesema gitaa fulani linamfanya apige vizuri zaidi anaweza kuwa anasema kweli tupu. Anapokosea ni pale anaposema sababu ni rangi iliyopasuka au mwaka wa kiwanda.

Kwa hiyo ukienda kununua toleo jipya la gitaa unalolihusudu, nenda na rafiki na waya wako mwenyewe. Tumieni amplifaya moja bila kugusa vitufe vyake, nyuzi za aina moja na za umri mmoja. Yasawazisheni magitaa hadi yalingane kwa ukubwa wa sauti, maana linalosikika juu kidogo tu huonekana bora. Badilisheni haraka, kwa sababu kumbukumbu ya sauti haidumu. Kisha funga macho, rafiki akupe moja baada ya jingine bila kukutajia jina, na usiulize bei hadi umalize kuchagua.