Je, Wajua? L2 ya Kolwezi: Mwaka wa Pili au wa Tano?

Je, wajua kwamba mwaka wa masomo 2022–2023 ndugu wawili wa nyumba moja Kolwezi wangeweza wote kuwa "L2", mmoja akiwa mwaka wa pili chuoni, mwenzake wa tano? Zamani mtu alianza na gradua, miaka mitatu, G1 hadi G3. Kisha lisansi, miwili, L1 na L2. Mageuzi ya LMD yaliyoanza 2021–2022 yaliondoa gradua: sasa lisansi yenyewe ni miaka mitatu, masta miwili, halafu doktora. Wapya waliingia kabla wa zamani hawajamaliza. Basi kampuni ya mgodi inayotafuta mwenye lisansi itazame mfumo aliosomea. Kumhesabu aliyesoma miaka mitano kama wa mitatu ni kumdhulumu.

Je, wajua kwamba shahada ya kwanza Marekani ni ya miaka minne na kwa kawaida krediti 120, ilhali lisansi ya LMD, miaka mitatu tu, inadai 180? Anayesoma Chuo Kikuu cha Kolwezi asidhani amewapita Wamarekani. Kwetu, kama Ulaya, krediti hupima kazi yote, pamoja na kujisomea nyumbani, na mwaka una 60. Kwao huhesabiwa hasa saa za darasani: saa moja kwa wiki, muhula wa wiki kama 15, na mwaka hutoa 30 hivi. Tena ile miaka minne ina masomo ya jumla. Anayetaka jiolojia husoma pia historia au fasihi, na wengi huchagua fani yao wakiwa tayari chuoni. Kijana wa Kolwezi huingia kitivo chake tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vya Marekani hupokea lisansi ya miaka mitatu kwa masomo ya uzamili, na vingine hukataa. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi.

Uliza mapema, kwa sababu mwaka wao huanza Agosti au Septemba, na baadhi ya vyuo hufunga maombi tangu Desemba iliyotangulia.

Je, wajua pia kwamba katika mfumo wa zamani aliyeshindwa hata katika mitihani ya awamu ya pili alirudia mwaka? Wazazi wengi walilipa ada mara mbili kwa ajili ya masomo machache. Katika LMD, kama Marekani, krediti uliyokwisha kuipata ni yako. Unarudia lile somo lililokushinda.